Betri ya pili haichaji kwenye gari ya kulala: shika tesa kwanza, betri mpya baadaye

Kama una gari ya kulala, iwe Land Cruiser yenye hema juu ya paa, Hiace uliyoitoa siti ukaweka kitanda na friji, au ile mikubwa kabisa yenye jiko na choo ndani, malalamiko huwa ni yale yale. Mchana umeendesha vizuri tu, jioni umepaki kambini, taa zinawaka, friji inaunguruma, halafu saa nane usiku friji inazima, asubuhi nyama imeanza kulainika na maziwa hayaeleweki. Fundi wa kwanza utakayempigia atakwambia betri imekufa, nunua nyingine. Usinunue bado. Betri zinakufa kweli, sikatai, ila mara nyingi betri imekufa kwa sababu ilikuwa haichajiwi ipasavyo, na ukiweka mpya kwenye waya zile zile nayo itaenda hivyo hivyo baada ya miezi kadhaa, umetupa hela mara mbili.

Umeme wa betri ya pili, yaani ile ya nyuma inayolisha friji na taa, unatoka kwenye olteneta (jenereta inayozungushwa na injini), unafika betri ya kuwashia gari, unapita fyuzi, unapita rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) au chaja, unapita fyuzi nyingine, ndiyo unafika nyuma kwenye betri yako, halafu lazima urudi kwa njia ya ethi, yaani upande wa hasi unaopita kwenye chuma cha gari. Kazi yote ya kutafuta tatizo ni kuifuata hiyo njia na tesa, yaani kipimo cha volti na ampea, mkononi, sehemu moja baada ya nyingine, mpaka ukute volti zinapopotelea. Tesa ya kawaida ya kidijitali inatosha. Ukipata ile ya kubana waya inayosoma ampea ni raha zaidi, ila angalia kabla hujalipa, nyingi za bei rahisi zinasoma umeme wa AC tu, kwenye gari hazikusaidii chochote.

Kabla ya kupima chochote jua una mfumo gani. Fungua boneti ufuate waya mnene unaotoka kwenye chanya ya betri ya kuwashia kwenda nyuma. Ukikuta kidude kidogo chenye nguzo mbili nene na waya mmoja au miwili myembamba, hiyo ni rilei: kuna ya kawaida inayowashwa na swichi ya funguo, na kuna inayojisikilizia volti yenyewe, ikiona betri ya mbele imefika kama 13.3 inaunganisha, ikishuka kama 12.8 inakata. Ukikuta boksi lenye mapezi ya kupoza joto na taa za rangi rangi, hiyo ni chaja ya betri kwa betri, inachukua umeme wa olteneta na kuupandisha kufika kiwango ambacho betri ya nyuma inataka. Na ukikuta hakuna kitu katikati, waya umeenda moja kwa moja, basi hapo huna betri ya pili, una betri moja kubwa iliyogawanywa vipande viwili, na siku friji ikiimaliza hiyo ya nyuma na ya mbele nayo imeenda, utabusti asubuhi kama kuna jirani kambini.

Sasa vipimo. Cha kwanza ni betri ikiwa imepumzika. Zima kila kitu, chomoa friji, kama una sola ifunike au ichomoe, acha gari ilale. Asubuhi kabla hujawasha injini pima moja kwa moja kwenye vichwa vya betri ya pili. Kwa betri za risasi na asidi, iwe ya maji au iliyozibwa, 12.7 imejaa, 12.4 iko kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 iko robo, chini ya 11.8 imekwisha na inaumia kila saa inayokaa hivyo. Ukikuta 10.5 hivi na haipandi hata ukiichaji, kuna chumba kimoja ndani kimekufa, hiyo kweli kanunue. Ukipima dakika tano baada ya kuzima injini utaona 13 na kitu ukafurahi bure, hiyo ni chaji ya juu juu tu, itashuka. Kama huna muda wa kusubiri washa taa dakika kadhaa, zima, subiri kidogo, ndiyo upime.

Lithiamu ni habari nyingine. Inakaa 13.2 au 13.3 karibu muda wote, kwa hiyo volti hazikwambii kitu cha maana mpaka inakaribia kuisha. Na ukikuta inasoma sifuri au volti mbili tatu usiitupe, mara nyingi ni ile saketi ya ulinzi ya ndani imekata kwa sababu iliisha sana, ukiipa chaja inayoelewa lithiamu itaamka.

Cha pili, washa injini. Pima kwenye betri ya kuwashia, iache iungurume, kisha kanyaga raundi kidogo. Inatakiwa uone kati ya 13.8 na 14.4. Ukiona inabaki 12 na kitu hata ukikanyaga, tatizo lipo mbele kabisa, achana na mambo ya nyuma kwanza. Angalia mkanda wa olteneta, ukiubonyeza kwa kidole gumba ukalegea au unapiga kelele ukiwasha taa kubwa na feni, kaza. Angalia kama ile taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi inawaka ukifungua funguo kabla ya kuwasha injini, isipowaka kabisa basi inawezekana balbu imeungua, na kwenye olteneta nyingi za zamani balbu hiyo ndiyo inayoiamsha, bila yake haichaji mpaka ukanyage sana au haichaji kabisa. Vyote vikiwa sawa, kaboni zimeisha au regyuleta (inayodhibiti volti za olteneta) imekufa, mpelekee fundi wa olteneta, kaboni ni kazi ndogo na bei si mbaya. Ukiona juu ya 15 zima haraka, regyuleta imeachia na betri zote mbili zinachemka, utasikia hata harufu ya mayai viza.

Hapa kuna mtego kwa wenye magari mapya. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ olteneta yake ni ya kawaida, inatoa volti zake bila maswali. Lakini magari mengi ya Ulaya ya viwango vya moshi vya Euro 5 na Euro 6, zile vani ambazo wenzetu wa Ulaya ndizo wanazogeuza nyumba, olteneta inaongozwa na kompyuta, ikiona betri ya mbele imejaa inashusha volti hadi 12 na kitu ili kubana mafuta, halafu ukiachia mguu wa mafuta kwenye mteremko inapandisha. Gari hiyo ukiiwekea rilei inayosikiliza volti, itaunganisha na kukata kutwa nzima na betri ya nyuma haitajaa hata uendeshe siku nzima. Dawa yake ni chaja ya betri kwa betri, na ule waya wake mwembamba wa kuiamsha lazima uungwe kwenye kitu kinachopata umeme injini ikiwaka tu. Ukikuta chaja ipo na bado haichaji, huo waya mwembamba ndio wa kuangalia mwanzo, sana sana umeungwa kwenye fyuzi ambayo haina umeme au umechomoka.

Cha tatu ndicho chenye majibu mengi na mafundi wengi wanakiruka. Injini inawaka, betri ya nyuma iko chini, yaani usifanye hiki ikiwa imejaa kwa sababu lazima umeme uwe unatiririka ndiyo tatizo lionekane, kama imejaa washa inveta (inayogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani) na taa na friji vyote. Weka tesa kwenye volti za DC, waya mwekundu wa tesa kwenye kichwa cha chanya cha betri ya mbele, mweusi kwenye kichwa cha CHANYA cha betri ya nyuma. Ndiyo, chanya kwa chanya. Waya za tesa hazifiki, ongeza kipande cha waya wowote mwembamba, haidhuru. Namba utakayoiona ndiyo volti zinazopotea njiani upande wa chanya. Ikiwa 0.2 uko vizuri. Ikiwa 0.5, 0.8, volti nzima, umemkamata mwizi, sasa ni kujua amejificha wapi. Acha ncha moja ya tesa pale betri ya mbele, nyingine isogeze: baada ya fyuzi ya kwanza, upande wa kuingilia wa rilei, upande wa kutokea, fyuzi ya pili, lagi ya mwisho (kile kichwa cha chuma kilichobanwa kwenye ncha ya waya). Mahali namba inaporuka ghafla, ndipo penyewe. (Kama una chaja ya betri kwa betri usivuke boksi lenyewe, pima kutoka betri ya mbele mpaka kuingia kwenye chaja, halafu kutoka kwenye chaja mpaka betri ya nyuma, kila upande peke yake.)

Kisha rudia upande wa hasi: hasi ya betri ya nyuma mpaka hasi ya betri ya mbele. Hapa ndipo watu wanaposhangaa. Fundi amechukua waya mzuri mnene wa chanya, akauvuta kwa ustadi mpaka nyuma, halafu ethi akafunga kwenye boliti ya kwanza aliyoiona, mara nyingi boliti ya siti au ya sakafu, juu ya rangi. Fungua hiyo boliti uangalie: chini ya lagi utakuta duara la rangi ya gari bado inang'aa, imekwaruzwa kidogo tu pembeni pale meno ya boliti yalipogusa chuma, na hapo pembeni pameshaanza ungaunga wa kutu. Umeme wote wa ampea 20 ulikuwa unapita kwenye huo mkwaruzo. Kwangua kwa msasa au brashi ya waya mpaka chuma kiwe cheupe, kaza lagi, halafu pakaa grisi juu yake baada ya kukaza. Kama gari yako mgongo wake ni boksi la fibaglasi au limekaa kwenye mpira, vuta waya wa ethi mpaka chasisi, usitegemee bodi. Na ule mkanda wa ethi kati ya injini na chasisi usiusahau, ukiwa umeliwa nusu, olteneta yenyewe ndiyo inahangaika.

Unene wa waya una hesabu yake na si ngumu. Tuseme kutoka mbele mpaka nyuma ni mita 5, kwenda na kurudi mita 10. Waya wa shaba wa 6 mm² hapo unapoteza kama volti 0.7 ukipitisha ampea 25. Yaani olteneta inatoa 14.2, betri inaona 13.5, na betri ya risasi kwa 13.5 itachaji polepole sana na haitajaa siku hiyo. Umbali huo huo kwa waya wa 25 mm² unapoteza chini ya 0.2. Ile waya ya nyumba inayouzwa hadwea ni ndogo na ni ngumu, mtikisiko wa gari unaivunja nyuzi. Waya wa mashine ya kuchomelea ni mzuri sana, nyuzi nyingi laini, unapatikana kila mji, ila kwangua ncha uone ndani: ikiwa nyekundu mpaka katikati ni shaba, ikiwa nyekundu juu na nyeupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba, rudisha dukani. Lagi zibanwe kwa mashine yake, kupigapiga kwa nyundo kunashika leo na kulegea kesho. Baada ya injini kuwaka nusu saa gusa kila kiungo kwa mgongo wa kidole, kilicho cha moto kuliko wenzake ndicho kibovu. Zile sakiti breka ndogo za bei chee zenye kibatani chekundu ndizo zinazoongoza, inaandikwa ampea 100 inapata joto kwa 30, mimi nikiikuta naitoa naweka fyuzi ya kawaida ya kufungwa kwa nati.

Rilei yenyewe unaipima hivi: injini ikiwaka, volti upande huu na upande ule zinatakiwa zilingane karibu kabisa. Upande mmoja 14.2 mwingine 12.3, haijaunganisha. Kama ni ya funguo angalia waya wake mwembamba unapata volti 12 na ethi yake ipo. Kama ni ya kusikiliza volti na mbele kuna 14 na bado imekaa kimya, ethi yake imekatika au imekufa. Na kumbuka zile zinazosikiliza pande zote mbili, sola ikiipandisha betri ya nyuma rilei inaunganisha hata injini ikiwa imezimwa, ndiyo maana nilisema uitoe sola kwanza, la sivyo utapima vitu viwili kwa mpigo na hutaelewa hata kimoja.

Vyote hivyo vikiwa sawa na friji bado inazima usiku, pengine betri haina kosa hata kidogo. Friji za kompresa za volti 12 zina ulinzi wa kujizima volti zikishuka, na zinapima volti zinazofika KWENYE FRIJI, si kwenye betri. Kompresa ikianza inavuta ampea nyingi kwa muda mfupi, waya ni mwembamba, umepita kwenye soketi ya kuwashia sigara iliyolegea, zinaanguka nusu volti au zaidi pale pale, friji inadhani betri imeisha. Pima nyuma ya plagi ya friji wakati kompresa inaanza, ukiona betri ina 12.4 na friji inaona 11.6, vuta waya wake peke yake wa 6 mm² kutoka kwenye betri, wenye fyuzi, na plagi ya kukaza, hizo soketi za sigara ziachie simu. Mipangilio ya kujizima huwa ni mitatu, juu, kati, chini; ya juu ni kwa friji inayotumia betri ya kuwashia, kwa betri ya pili weka kati.

Kuna suala la hesabu pia. Friji ya namna hiyo kwenye joto la Manyara au Tsavo inaweza kula ampea-saa 40 kwa siku, ongeza taa, simu, na inveta iliyoachwa imewashwa bila kazi maana nayo inakula. Betri ya N70 ina kama ampea-saa 70, na kwa kuwa ni betri ya kuwashia gari, ukiishusha chini ya nusu kila siku haitamaliza mwaka. Unaona mwenyewe hapo hakuna ubovu, kuna udogo. Na kuendesha nusu saa kutoka kambini mpaka getini hakurudishi hizo 40, betri ya risasi ile sehemu ya mwisho inataka masaa hata olteneta iwe kubwa namna gani.

Hapo ndipo sola inapokuja. Kwetu karibu na ikweta paneli ikilala bapa juu ya paa inatosha, habari za kuiinamisha waachie walio Ulaya. Paneli ya wati 100 ikipigwa jua la mchana inatoa kama ampea 5. Ikitoa moja, panda juu uangalie: vumbi, au kivuli cha dumu la maji au cha tairi ya akiba kimekaa kwenye kona, na kivuli kidogo tu kinaua paneli nzima au nusu yake. Pima waya za paneli zikiwa zimechomolewa, jua kali, iwe kama volti 20 hadi 22. Ikiwa hivyo na kontrola (kile kidude kati ya paneli na betri) haichaji, plagi zimeingia maji au kontrola imewekewa aina ya betri isiyo sahihi. Kuunganisha ni betri kwanza halafu paneli, kutoa ni paneli kwanza halafu betri, ukigeuza unaweza kuua kontrola.

Betri ikiisha gari ikiwa imelala tu bila kutumika, kuna kinachonyonya. Fungua hasi, weka tesa kwenye ampea 10 katikati ya hasi na waya wake, funga milango, subiri magari mapya yalale kama nusu saa. Chini ya ampea 0.05 ni kawaida. Zaidi ya hapo chomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke. Trekka (kile kifaa cha kufuatilia gari), redio na inveta ndio watuhumiwa wangu wa kwanza. Usiwashe injini tesa ikiwa hapo, utaiunguza.

Kwenye usalama sina mengi: vua pete, hasi itoke kwanza na irudi mwisho, fyuzi iwe karibu kabisa na kila betri pande zote mbili za waya mrefu, betri ya maji isikae unapolala maana gesi yake inalipuka. Na kama gari ni Land Cruiser ya dizeli kutoka Japani ya miaka ya 90, baadhi zina betri mbili chini ya boneti ambazo stata inazitumia kama volti 24 huku gari nzima ni 12. Hizo mbili ni za kuwashia. Usiifanye mojawapo kuwa ya friji.

Barabara ya vumbi kutoka Ngorongoro kushuka Naabi, geti la Serengeti, inalegeza kila nati iliyomo kwenye gari, kwa hiyo ukifika kambini kabla hujawasha moto zungusha spana namba 10 kwenye vichwa vya betri zote mbili na kwenye ethi, ni dakika mbili. Na ukishajiridhisha kwamba ni betri kweli, nenda dukani na tesa yako mfukoni, pima ile unayouziwa kabla ya kulipa. Ikisoma chini ya 12.5 imekaa sana kwenye rafu, mwambie akuletee nyingine.